Picha za mitaani za Japani: ukungu na chembe vile ni makusudi?

MpigaHarusi: Wakuu, habari za muda. Nipo Tokyo, na jana niliingia kwenye maonyesho ya picha za mitaani, zote nyeusi na nyeupe, nyingi za miaka ya 1960 na 1970. Chumba kizima ni cha Daido Moriyama. Nusu ya picha zimetikisika, nyingine sura za watu hazionekani, na zote zina chembe kama zimemwagiwa mchanga. Mimi kazi yangu ni harusi. Nikimpa bibi harusi picha ya namna hiyo, pesa yake nairudisha. Ni kamera za zamani au walikusudia?

Lenzi50: Kamera haina kosa, mkuu. Ihei Kimura alikuwa anapiga mitaa ya Tokyo kwa Leica tangu miaka ya 1930, na picha zake ni safi. Hawa waliofuata ni uvivu uliopewa jina zuri.

ChumbaChaGiza: Lenzi50, punguza ukali ndugu yangu. Mvivu gani anakesha na dawa za kusafishia filamu?

Nasafisha filamu mwenyewe, kwa hiyo hili nalijua kwa mikono. Chukua filamu ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga), weka kamera uipige kana kwamba ni 1600. Imepata robo tu ya mwanga inaohitaji, basi unaiacha kwenye dawa muda mrefu zaidi. Chembe zinajitokeza, kijivu kinapungua. Ukija kuichapa, unachagua karatasi kali, na kijivu kilichosalia nacho kinatoweka: weusi tii, weupe pe. Mtikisiko ni habari nyingine. Moriyama mara nyingi hachungulii kwenye kamera. Anabonyeza huku anatembea, miaka hii kwa kikamera cha Ricoh GR kinachoingia mfukoni.

Sababu sasa. Jarida la Provoke lilianza Novemba 1968, Tokyo ikichemka kwa maandamano ya wanafunzi. Yalitoka matoleo matatu tu. Moriyama aliingia kwenye la pili. Wapiga picha wa jarida hilo walikuwa wamechoshwa na picha safi za magazeti na matangazo, zile zinazojifanya zimeshamaliza kueleza kila kitu. Na cha kuudhi, mtindo wao nao haukukawia kuigwa na watu wa matangazo. Takuma Nakahira, mmoja wa waanzilishi, aliukana, na mwaka 1973 akachoma sehemu kubwa ya negativu zake, yaani filamu zilizokwisha kusafishwa. Kwangu mimi huyo ndiye wa kufuatiliwa, kuliko hata Moriyama.

Lenzi50: Alizichoma? Basi tunakubaliana mimi na yeye.

MpigaHarusi: 😂 Asanteni. Nikitaka kujaribu nianzie wapi?

ChumbaChaGiza: Filamu ya Kodak Tri-X 400, usiku, mtaa wa Shinjuku hapo Tokyo, kwenye taa za maduka. Weka 1600 kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho, usibadilishe katikati, maana roli nzima inaingia dawa moja. Ukiipeleka kwa wasafishaji waambie umeipiga 1600. Usipowaambia wataisafisha kwa muda wa kawaida, na negativu itatoka hafifu hata hiyo chembe hutaifaidi.