Kurudia shughuli halisi za hifadhidata kabla ya kuhamia toleo jipya: njia ipi itufae?

Mwanzilishi wa mada, Malindi

Assalaam aleykum, na salamu kwa wanachama wote. Ushirika wetu wa akiba na mikopo hapa Malindi bado unatumia toleo la 11 la programu ya hifadhidata PostgreSQL, lililokoma kupokea marekebisho ya usalama mwezi Novemba 2023, nasi tumeazimia kuhamia toleo la 16. Kwamba seva mpya itawaka sina wasiwasi. Ninachotaka kukijua mapema ni kama itaubeba mzigo wa mwisho wa mwezi, pale walimu na wafanyakazi wa hoteli wanapolipa mikopo kwa simu huku makarani wa kaunta wakifunga hesabu za siku.

Naona njia tatu. Ya kwanza ni kutunga mzigo wa bandia kwa pgbench, chombo cha kupimia kasi kinachokuja na PostgreSQL. Ya pili ni kuyachukua maulizo mazito (amri za kuomba data) kutoka pg_stat_statements, nyongeza inayoweka takwimu za amri zilizoendeshwa, na kuyapima moja moja. Ya tatu ni kunasa kila amri inayoingia kwenye seva ya kazi, kisha kuzirudia zote kwenye seva ya majaribio kwa mpangilio na mwendo uleule. Moyo wangu umeelemea hii ya tatu, ila naomba kusikia kutoka kwa waliokwisha kuifanya kama faida yake inalingana na kazi yake.

Mwanachama, Mombasa

Wa aleykum salaam, ndugu yangu. Mimi natoka upande wa Oracle, programu nyingine ya hifadhidata, ambako kazi hii ina chombo chake, Database Replay, kilichokuja na toleo la 11g mwaka 2007. Kimo ndani ya Real Application Testing, nyongeza inayolipiwa juu ya Enterprise Edition, kwa hiyo sikushauri ukinunue. Lakini namna kilivyoigawa kazi inafaa kuigwa na yeyote: kunasa, kuandaa mafaili yaliyonaswa, kurudia, na kuchambua.

Mambo mawili ndani yake yamenifunza mengi. Kwanza, wakati wa kurudia unaweza kuamuru mpangilio wa kuthibitishwa kwa miamala uheshimiwe, ili muamala uliotegemea matokeo ya mwingine usitangulie. Pili, ripoti yake haikuonyeshi kasi peke yake, bali pia tofauti za data: ulizo lililorudisha mistari mingi siku ya kunasa likirudisha michache siku ya kurudia, unajua kwamba data ya kuanzia haikuwa ileile, na kasi uliyoipima haina thamani. Watu wengi huirukia kasi kabla ya kulitazama hili, nami naliona ndilo kosa linaloharibu majaribio mengi.

Mwanachama, Lamu

Namuunga mkono ndugu wa Mombasa, nami nitaongeza upande wa PostgreSQL, kwa kuwa mfumo wetu wa kuhifadhi vyumba vya wageni tuliupima hivyo kabla ya msimu wa Maulidi.

Chombo tulichotumia ni pgreplay, cha Laurenz Albe. Kinasoma logi za kawaida za seva, yaani kumbukumbu za matukio yake, kinatoa humo amri za SQL (lugha ya hifadhidata), kisha kinazituma kwa seva nyingine, kila kikao kikiwa na muunganisho wake, kwa kufuata nyakati za awali. Seva ya majaribio ikichelewa nyuma ya ratiba, kinatoa onyo, na onyo hilo ndilo jibu unalolitafuta: seva haikuuweza mwendo wa siku ile. Unaweza pia kukiambia kiongeze kasi, kwa mfano mara mbili ya ile ya awali, ukitaka kujua nafasi iliyobaki.

Masharti yake yana uzito. Lazima uweke log_statement kuwa all ili kila amri iandikwe, uwashe kumbukumbu za kuunganishwa na kukatwa kwa vikao, na ujumbe wa seva uwe katika Kiingereza, maana chombo hicho hakiutambui ukiwa katika lugha nyingine. Logi hukua haraka, kwa hiyo iwekwe kwenye diski iliyo mbali na ile ya data, la sivyo kunasa kwenyewe kutaipunguzia kasi seva ya kazi. Data inayoingizwa kwa COPY, amri ya kupakia mistari mingi kwa pamoja, haimo kwenye logi, hivyo haitarudiwa. Na nakala rudufu utakayoirejesha kwenye seva ya majaribio iwe ya dakika ileile uliyoanza kunasa, au iliyo karibu nayo kadiri iwezekanavyo. Nakala ya jana ikitumika kwa logi ya leo, namba za mfululizo zitapishana, na utapata makosa ya funguo yasiyohusiana na toleo jipya hata kidogo.

Mwanachama, Kilifi

Nisamehewe kwa kupinga. Kurudia kunakuonyesha jana, ilhali ushirika unaokua unahitaji kuijua kesho. Kwa pgbench naweza kuandika hati za amri za kulipa mkopo, kuweka akiba na kuuliza salio, nikazipa kila moja uzito wake, jambo linalowezekana tangu toleo la 9.6, kisha nikapandisha idadi ya wateja hadi seva ielemewe. Tena hakuna namba ya simu ya mwanachama hata moja inayotoka kwenye seva ya kazi. Kwa sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, logi iliyojaa majina, namba za vitambulisho na salio za watu ni dhamana kubwa ya kuibeba.

Mwanachama, Mombasa

Hoja ya sheria ni nzito, naikubali. Lakini hati ulizozitunga zitakuwa na maulizo uliyoyakumbuka tu. Ripoti ile ya meneja inayoendeshwa jioni katikati ya malipo, ikashika kufuli (kizuizi kwa amri nyingine) juu ya jedwali la mikopo, haitakuwamo.

Mwanzilishi wa mada, Malindi

Nawashukuru. Basi nitarudia mzigo ulionaswa kwa ajili ya uamuzi wa kuhama, na pgbench ya ndugu wa Kilifi nitaitumia baadaye kupima ukuaji. Seva ya majaribio itakaa ndani ya ofisi, kwa ulinzi uleule wa seva ya kazi, na logi itafutwa baada ya kazi. Je, kuna jambo mahususi la kutazama kati ya toleo la 11 na la 16?

Mwanachama, Lamu

Yapo. Hadi toleo la 11, sehemu ya WITH, yaani ulizo dogo linalopewa jina mwanzoni mwa ulizo kuu, ilikokotolewa peke yake kila mara. Kuanzia la 12, ikiwa haijirudii yenyewe, haina athari za pembeni na imetajwa mara moja tu, huunganishwa na ulizo kuu. Maulizo mengi hupata kasi kwa sababu hiyo, lakini yale yaliyoandikwa kwa kutegemea tabia ya zamani huweza kuzorota, na dawa yake ni kuandika neno MATERIALIZED, linalorudisha tabia hiyo, mahali panapohusika. Vilevile JIT, yaani kugeuza sehemu za ulizo kuwa msimbo wa mashine wakati wa kuliendesha, imewashwa tangu toleo la 12 bila kuombwa. Ripoti zikichelewa kuanza, jaribu kuizima na ulinganishe.

Kisha, ukihamisha kwa pg_upgrade, chombo cha PostgreSQL cha kupandisha toleo, takwimu za mpangaji wa maulizo (sehemu inayochagua njia ya kulitekeleza ulizo) hazitakuja pamoja na data katika toleo la 16. Endesha ANALYZE, amri ya kukusanya takwimu hizo, kabla ya kurudia chochote, la sivyo utailaumu seva mpya kwa mipango mibovu inayotokana na kukosa takwimu. Na rudia mzigo uleule kwenye toleo la 11 pia, kwenye mashine ileile ya majaribio, kwa maana kulinganisha na muda wa seva ya kazi ni kulinganisha mashine mbili, wala si matoleo mawili.

La mwisho ni la usalama: ikate seva ya majaribio kutoka kwenye huduma ya ujumbe mfupi na ya malipo kabla hujaanza. Kama jedwali lenu la malipo lina triga (amri inayojiendesha yenyewe data ikibadilika) inayopanga ujumbe wa kutumwa, wanachama wote watapokea upya risiti za mwezi uliopita.