Mkwaruzo kwenye mlango wa Toyota IST silva, naweza kupiga rangi mwenyewe home?

Wa_Shangani:
Wakuu habari za jioni, nipo Mtwara mjini. Bajaji imenichana mlango wa nyuma kushoto, mkwaruzo kama shubiri mbili, katikati bati linaonekana, na ncha imeishia karibu kabisa na bodi pale juu ya tairi. Fundi anataka apige ubavu mzima na bei aliyotaja nimeona niulize kwanza. Nikinunua rangi ya kopo nikajipulizia nyuma ya nyumba itakubali au nitatoka na kiraka?

Mzee_wa_Msasa:
Kiraka utatoka nacho kama utanunua kopo limeandikwa silva basi. Silva za Toyota ziko kibao mkuu. Angalia kibati kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kama hakipo fungua boneti, tafuta palipoandikwa C/TR, hapo ndo kuna kodi ya rangi, yaani namba yake. IST nyingi ni 1F7 ila usinisikilize mimi, soma kibati. Duka likukorogee kwa hiyo kodi, ukikosa hapo mjini agizia Dar ije na basi. Ikifika puliza kwanza kwenye kipande cha bati, klia (ile rangi angavu ya kung'arisha) juu, shikilia pembeni ya mlango juani, maana gari lako limeshapauka.

Sasa ubishi wa silva ni zile chenga zinazong'aa ndani yake. Ukipuliza karibu ukalowesha rangi inakuwa nzito, ukipuliza mbali ikafika kavu inakuwa nyeupe, kopo ni hilohilo. Ndo maana usizungushie tepu mkwaruzo ukajaza katikati. Piga msasa namba 400 mpaka kidole kisihisi ngazi, puliza praima (rangi ya chini), ikikauka 800 ya maji, halafu mlango wote uliobaki ufubaze na 1000. Rangi koti la kwanza iishie kwenye praima, la pili livuke kidogo, la tatu livuke zaidi huku mkono unautoa nje kabla hujaachia kitufe. Kila koti lisubiri lifubae lenyewe, na usipige msasa juu ya silva kabla ya klia, utachora mabaka. Klia ndo unapiga mlango mzima.

Binti_Mikindani:
Kaka usisahau huku tuko pwani, kabla ya msasa osha na maji baridi yasiyo ya chumvi na sabuni uondoe chumvi, ukiizika chini ya praima kutu itarudi. Subiri umande ukauke ila umalize kabla upepo haujaanza kupeperusha mchanga. Na usipulizie chini ya mwembe jamani, wadudu wote watakuja kulala kwenye klia 😂

Kijana_Lindi:
IST yenyewe ya kubebea samaki hiyo, paka kalamu ya rangi uzuie kutu maisha yaendelee.

Wa_Shangani:
@Kijana_Lindi 😂 nataka kuiuza mkuu, mnunuzi akiona bati anakata bei. Mzee kibati kinasoma 1F7 kweli. Klia nichukue ya kawaida au ya hadina (yenye kigumishi ndani)? Na ile ncha iliyokaribia bodi inakuwaje?

Mzee_wa_Msasa:
Ya hadina. Ile ya kawaida petroli ikidondokea inalainika. Kopo la hadina ukishalitoboa chini, yaani ukibonyeza kile kitufe cha kuachia hadina, halitunziki, ndani ya siku moja mbili linaganda, kwa hiyo toboa rangi ikiwa tayari imekauka mlangoni. Ina sumu ya mapafu, vaa maski ya vichujio vya mkaa, barakoa ya kitambaa haisaidii kitu, na watoto wakae mbali.

Kuhusu ncha, kama mlangoni itafanana usiiguse bodi. Ikionekana tofauti, fubaza bodi nayo, puliza silva kidogo ivuke ule mwanya halafu klia bodi yote, na pa kuishia ni pale juu nguzo inapokuwa nyembamba kuelekea paa, usikate katikati ya bodi pana, itabanduka.

Wa_Shangani:
Poa mkuu, naanza na mlango peke yake.