Mavyaa amepiga simu, bwana amelala: tumjibuje?

Assalam aleikum jamaa,

Nisaidieni. Bwana wangu yuko zamu ya usiku hapa Leicester, mchana hulala. Jana mavyaa alipiga kutoka Mkomani, nikamwambia kwa adabu zangu zote, "Mama, amepumzika." Kimya. Kisha nikasikia "Inna lillahi!" na simu ikaanguka, huku mawifi wakiulizana kuna nini. Nilipiga mara sita ndipo wakapokea, na hawakuamini mpaka nilipomwamsha bwana azungumze nao mwenyewe. Siku nyingine niseme vipi?

Bint Langoni

---

Pole dadangu, lakini nimecheka. Ni hiyo -me- iliyokuponza. Anayepumzika yuko kitandani. Aliyepumzika kwetu hutafutiwa sanda. Sema "amejinyoosha kidogo, akiamka atakupigia." Hiyo ahadi ya kupiga ndiyo inayomtuliza mtu aliye mbali.

Wala usiseme "yuko hospitali" ikiwa ndiko anakofanya kazi. Mimi nilisema hivyo kuhusu kaka yangu, na kabla ya magharibi kulishasomwa Yasini nyumbani.

Na "hawezi" nayo iangalie. Lamu ukisema fulani hawezi, hakuna aulizaye hawezi nini. Ni mgonjwa, na msikiaji humuombea afya. Mwaka wangu wa kwanza huku nilimpigia msimamizi nikalitafsiri neno lilivyo. Akaniuliza siwezi kufanya nini. Nikakosa jibu, nikavaa koti nikaenda kazini na homa yangu! Hapa Uingereza sema tu kwamba unaumwa. Siku 7 za mwanzo, wikendi ikiwamo, unajiandikia mwenyewe. Cheti cha daktari ni zikizidi hizo.

Abu wa Shela

---

Ami, mimi hutumia "ana udhuru" kwa kila kitu: safari, kichwa, uvivu. Neno la heshima, na mwenye adabu hachimbi zaidi.

Ila nalo lina lake. Jumamosi binti yangu alikosa darasa la Kurani la mtandaoni, nikamwandikia mwalimu kwenye kundi la wazazi: "Ana udhuru, ustadh." Mtoto alikuwa na mafua tu. Mama wawili wakanitumia pongezi kwamba amekuwa mkubwa, na yeye akaziona. Ana miaka 12. Tangu siku hiyo hasemi nami.

Mama wa Birmingham