Tupeane uzoefu: nafaka, mboga na jibini, yapi yalikukuta?

Mwiko Mrefu: Wakuu, kuna mtu kaniambia hiki ndo chakula rahisi kuliko vyote cha kusindikiza nyama au samaki, chemsha nafaka, kaanga mboga, nyunyizia jibini, basi. Nikakumbuka jibini lililovutika kama mpira mbele ya wageni. Nani mwingine yalimkuta?

Mama Wawili: Mimi hapa. Shemeji alijitolea kupika, shayiri aliipa dakika zake 40 ikaiva vizuri kabisa, karoti na uyoga safi, sasa akamwaga jibini la cheda lote sufuriani moto bado unawaka, anakoroga kwa nguvu, mara mafuta yakajitenga juu na jibini likawa bonge limeng'ang'ania mwiko, wageni wanatazama tu hakuna anayesema neno. Epueni kwanza jamani! Jibini likizidiwa joto protini zake zinakazana, zinasukuma nje mafuta na maji, hapo hulirudishi tena.

Kijiko: Kweli tupu dada.

Hoho Nyekundu: Ndo maana mi natumia jibini la feta, haliyeyuki, linalainika tu, unalivunjavunja juu ya kinoa, zile punje ndogo za kupika kama wali, na nyanya umemaliza. Ila kinoa ioshwe, ile ngozi yake ina saponini, chungu balaa. Niliwahi kupewa isiyooshwa, sikumaliza.

Mwiko Mrefu: Na mchele?

Hoho Nyekundu: Unaosha, swali gani hilo.

Sufuria Nzito: Hapana bibie! Risoto, ule wali wa urojo wa Kitaliano, mchele wake huoshi, wanga ule ndo unaoleta urojo. Osha arborio, mchele wake, uone kama utapata risoto.

Hoho Nyekundu: Nani kataja risoto? Tunaongelea vitu rahisi.

Sufuria Nzito: Mchele, supu, kitunguu na jibini, ugumu uko wapi? Kusimama jikoni dakika 20?

Kijiko: Wa kuchambuka osha, wa urojo usioshe, tusigombane.

Mkesha: Naomba mnisikilize maana hili si la kuchekea. Kwenye shughuli ya familia ulipikwa wali wa njegere, spinachi na jibini, mchana, ukabaki mwingi, ukafunikwa ukaachwa mezani usiku kucha, asubuhi ukapashwa mpaka unafuka moshi, watu wakala. Saa chache tu mdogo wangu akaanza kutapika, akafuata mjomba, halafu watoto, choo kimoja na watu wote wale, huyu namshika kichwa yule nampa maji, wa mwisho kabisa akalegea mikononi mwangu macho yanageuka tukamkimbiza hospitali wakamtundikia dripu. Daktari swali lake la kwanza lilikuwa wali ulikaa wapi.

Mama Wawili: Mungu wangu! Mtoto alipona?

Mkesha: Alipona, tunashukuru. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinastahimili kuchemshwa, wali ukikaa bila ubaridi anazaliana na kuacha sumu, na sumu hiyo hata upashe vipi haitoki. Sasa wali ukibaki nautandaza kwenye sinia upoe haraka, haupiti saa moja uko kwenye friji.

Hoho Nyekundu: Mi ningesema ni jibini lililoharibika.

Mkesha: Jibini hilohilo watu walikula na mkate siku ile, hawakuumwa.

Kifuniko: Pikeni kuskusi mpumzike, maji ya moto kiasi sawa na yenyewe, funika dakika 5, na kwangu haijawahi kubaki hata punje.

Sufuria Nzito: Kuskusi ni vipunje vya unga wa ngano, sio nafaka nzima. Na ikibaki iingie friji pia.

Kifuniko: Sawa profesa.

Mama Wawili: Ila kama mgeni wako gluteni, ile protini ya ngano na shayiri, inamdhuru, kuskusi, bulguri (ngano iliyovunjwavunjwa) na shayiri zote hapana, mpikie wali au kinoa. Na asiyekula nyama kabisa msimwekee jibini la Parmigiano Reggiano, linagandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Wifi yangu aligundua akiwa kwenye sahani ya pili, alilia.

Kijiko: Duh, hilo sikulijua.

Mwiko Mrefu: Na zukini je, ile mboga inayofanana na tango? Kila anayenipikia inalowesha nafaka yote.

Kifuniko: Acha zukini, weka brokoli.

Mama Wawili: Usiiache. Ikaange peke yake, moto mkali, usiijaze kikaango, maji yakikauka ndo uchanganye, jibini liingie mwisho ukishaepua.