Nimelipia sehemu 24 za simulizi ya mpelelezi wa Edinburgh, mtekaji anatokea sehemu ya 21! Huu ni utapeli

Wakuu habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira, nimejaribu kulala nimeshindwa, uzi ni mrefu mtanivumilia.

Tarehe 7 Desemba niliona tangazo kwenye grupu moja la wasap la simulizi, grupu silitaji wala mwenyewe simtaji. Tangazo linasema simulizi ya sikukuu, imetafsiriwa kutoka Kiingereza, mpelelezi wa mambo ya gizani, mji wa Edinburgh huko Scotland, theluji, watoto wanapotea, viumbe wa chini ya kilima, sehemu 24, kila siku moja kuanzia tarehe 8 mpaka tarehe 31 usiku, mia tano kwa sehemu na unalipa zote mwanzoni. Sh 12,000. Nikatuma siku hiyohiyo maana mimi hizi hadithi za mpelelezi anayehangaika na visivyoonekana nazipenda tangu sekondari, na zikiwa za msimu wa sikukuu ndo kabisa, baridi nje, taa za Krismasi madirishani, alafu kuna kitu kinatembea kati ya watu na hawakijui.

Na sehemu za kwanza zilikuwa tamu, hilo lazima niseme, ndo maana nina uchungu. Watoto wa Leith, kule bandarini, wanapotea kila Alhamisi usiku. Wanaobaki wanasema wamesikia ngoma inalia chini ya kilima cha Calton Hill. Mpelelezi ni polisi wa zamani, aliacha kazi baada ya kuona kitu ambacho wenzake hawakukiona, saivi anakaa chumba kimoja juu ya baa na wateja wake ni watu ambao polisi wamewafukuza kaunta.

Nikasema huyu mtunzi amesoma. Maana ile ngoma haikutungwa juzi, kuna kitabu cha Richard Bovet cha mwaka 1684 kinaeleza habari za kijana wa Leith ambaye kila Alhamisi usiku anaingia kilimani kwa milango mikubwa ambayo wengine hawaioni, anawapigia ngoma viumbe wa huko chini, wanakula wanacheza, na usiku huohuo wanaweza kubebwa mpaka Ufaransa au Uholanzi na kurudi. Kuna Alhamisi watu wazima walimzunguka kwa maswali asitoke, na bado akawaponyoka. Sasa mtu akianza hadithi yake hapo unajua yuko siriaz.

Sehemu ya 3 mpelelezi anakaa jikoni na binti wa miaka tisa, ambaye kaka yake ni mmoja wa waliopotea, anamfundisha sheria. Wale viumbe hawasemi uongo, watakuzungusha, watakujibu swali kwa swali, ila uongo wa wazi mdomoni hautoki. Chuma kinawaunguza. Ukila chakula chao hurudi. Ukiwapa jina lako kamili umewapa kamba ya kukufungia. Nikachukua daftari. Hadithi ya upelelezi ikishakupa sheria ina maana imekukaribisha mchezoni, inakwambia na wewe tafuta, kila kitu utakachohitaji nitakuwekea mezani.

Na mimi nikatafuta wakuu! Kuna mama wa ghorofa ya tatu, mpole, analetea watoto biskuti za siagi. Sehemu ya 4 anafika kwenye geti la chuma anasimama tu mpaka mtoto amfungulie. Sehemu ya 9 theluji imejaa, tramu inapita mbele yake, yeye anatembea kwa mguu kutoka Leith mpaka mjini. Sehemu ya 11 anaulizwa Alhamisi ulikuwa wapi, anajibu, "Mama wa umri wangu atakuwa wapi usiku wa baridi kama huu?" Swali kwa swali! Niliruka kitandani. Na biskuti zile, yule binti wa miaka tisa ndo pekee ambaye hakula, sababu meno yalikuwa yanamuuma, na ndo pekee asiyesikia ngoma. Mtu aliyeandika vile vipande anajua kazi yake.

Ujinga ulianza kujitokeza sehemu ya 6, nikaufumbia macho. Mtafsiri kawaita wale viumbe majini. Jamani. Mimi mtu wa Tanga, habari za majini nimezisikia tangu mdogo, jini ana dini yake, ana kabila lake, anapanda mtu kichwani, anadai ngoma yake na nguo zake na ubani wake. Hawa wa Scotland hawampandi mtu, wanamchukua mzimamzima wakamtia chini ya kilima. Waskoti wenyewe waliogopa kuwataja, wakawa wanawaita majirani wema, au watu wa amani, ili wakisikia wasikasirike, kama bibi yangu alivyokuwa usiku hataji nyoka anasema kamba. Majirani wema! Jina zuri lile, linatisha kuliko jini, Kiswahili kinalibeba bila shida yoyote, na mtafsiri kalitupa. Matokeo yake sehemu ya 12 mpelelezi anafukiza ubani ndani ya nyumba ya Leith. Ubani, kwenye hadithi ambayo sehemu ya 3 imetuambia dawa ni chuma.

Na hicho chuma si pambo. Mchungaji Robert Kirk wa Aberfoyle, yule aliyeandika mambo ya hawa viumbe miaka ya 1691 na 1692, alianguka akafa mwaka huohuo wa 1692 akitembea pale kwenye kilima cha Doon Hill, na watu wa kwao wakasema hajafa, amechukuliwa. Wanasimulia kwamba alimtokea ndugu mmoja akamtuma kwa binamu yake Graham wa Duchray akamwambie, siku ya ubatizo wa mtoto wangu nitaonekana, nirushieni kisu juu ya kichwa changu nitakuwa huru. Kweli akatokea mbele za watu, Graham akapigwa butwaa, kisu kikabaki mkononi, na mchungaji akapotea moja kwa moja. Fikiria mke wake amekaa pale na mtoto. Kisu kimoja tu cha chuma ndo kilikuwa kati ya mtu na nyumbani kwake, sasa wewe unayeuza hadithi za watu hawa huwezi kuichezea hiyo sheria unavyojisikia.

Kuhusu Krismasi yenyewe nitasema kidogo. Sehemu ya 15 inaturudisha mwaka 1905, kuna kesi ya zamani inayofanana, na mtuhumiwa anaachiwa sababu tarehe 25 Desemba karakana za Leith zote zilifungwa kwa sikukuu, mji mzima uko nyumbani, basi hakuwepo eneo la tukio. Wapi! Scotland likizo ya Krismasi ilifutwa 1640, kanisa lao halikutaka kuisikia, na imekuja kuwa sikukuu ya mapumziko mwaka 1958. Hapo katikati watu wengi tu walikuwa wanaenda kazini tarehe 25 kama siku nyingine, sherehe yao kubwa ilikuwa usiku wa mwaka mpya, Hogmanay. Kwa hiyo utetezi wote wa mtuhumiwa umesimama juu ya hewa. Nikajua labda ndo mtego wenyewe, mpelelezi ataligundua. Hakuligundua. Halikutajwa tena mpaka mwisho.

Sasa mwisho wenyewe. Sehemu ya 21, tarehe 28, anatokea mlinzi wa makumbusho. Hajawahi kutajwa popote, nimerudia zote ishirini usiku kucha, hayupo. Anatokea na bonge la fungu la funguo za chuma analizungusha kidoleni. Sehemu ya 22 anaulizwa watoto wako wapi, anajibu, "Sijui lolote kuhusu hao watoto." Sehemu ya 23 mpelelezi ANAOTA NDOTO, anaamka anajua, mtekaji ni yule mlinzi na ni mmoja wa majini. Kashika chuma mchana kutwa hakuungua. Kasema uongo mweupe mdomoni ukatoka. Yule mama wa ghorofa ya tatu, geti, tramu, biskuti, hakuna neno hata moja, sehemu ya 23 anaagwa tu anaenda kwa dada yake Glasgow.

Padri Ronald Knox, huyu alikuwa mwandishi wa hadithi za upelelezi Uingereza, mwaka 1929 aliweka amri kumi za hizi hadithi. Ya kwanza, mhalifu lazima awe ametajwa mapema. Ya pili inakataza mambo ya miujiza. Sawa, hadithi kama hizi zinavunja ya pili na mi naikubali, ila ukishaivunja ya pili ndo unatakiwa uishike ya kwanza kwa mikono miwili, maana msomaji hana kingine cha kushikilia. Ukishaleta uchawi bila mipaka kila kitu kinawezekana, na kila kitu kikiwezekana hakuna fumbo, mtu anakutajia jina tu.

Na sehemu ya 24? Iliahidiwa tarehe 31 usiku. Mimi nilijiandaa, nikakataa kutoka na wenzangu, saa sita imefika simu nyeupe. Imekuja tarehe 4 Januari, nusu ukurasa, mpelelezi anasimama mbele ya kilima, ngoma inalia, "ITAENDELEA MSIMU WA PILI, LIPIA SH 5,000." Watoto bado wako chini ya kilima!

Nikamfuata muuzaji inbox kwa adabu kabisa, nikamwandikia mkuu mbona mlinzi kashika funguo. Akanijibu, "Mambo ya majini hayana sheria ndugu yangu, ni burudani tu, usiumize kichwa." Hapo ndo nilipokasirika kweli.

Kwamba hayana sheria? Mtunzi wa Sherlock Holmes, Arthur Conan Doyle, mzaliwa wa hukohuko Edinburgh mwaka 1859, Desemba 1920 aliandika kwenye toleo la Krismasi la jarida la The Strand kwamba viumbe hawa wamepigwa picha Cottingley, Yorkshire. Picha za mwanzo zilipigwa 1917 na mabinti wawili, Elsie Wright wa miaka 16 na Frances Griffiths wa miaka 9. Toleo likaisha madukani haraka sana. Na ushahidi ulikuwa ndani ya picha muda wote, viumbe wana mitindo ya nywele ya kisasa ya Ulaya, na kwenye picha moja ncha ya pini ilionekana tumboni mwa kiumbe, mzee Doyle akaona ni kitovu. Zilikuwa karatasi zilizokatwa zikasimamishwa kwa pini za kofia. Wale mabinti walikuja kukiri 1983 wakiwa wazee, na Frances mpaka anakufa alisema ile picha ya tano ni ya kweli. Hiyo ndo siri ya sikukuu inayohusu viumbe hawa na baba wa wapelelezi wote, na imetokea kweli, na kila kipande kilikuwa mbele ya macho ya msomaji tangu siku ya kwanza. Mzee Doyle alifiwa na mtoto wake 1918, anatamani kuona kilichoko ng'ambo, ndo maana pini inageuka kitovu. Inauma, inaeleweka, na inakaa kichwani miaka. Wewe unaniletea ndoto.

Ninachotaka ni kimoja kati ya viwili. Nirudishiwe 12,000 yangu, au sehemu ya 21 mpaka 24 zipelekwe upya kwa wote tuliolipa, bila hela nyingine, zikiwa zimetafsiriwa kama zilivyo kwenye asili. Maana nina wasiwasi mkubwa kwamba mtafsiri aliishiwa kitabu au aliishiwa muda akajitungia, lugha yenyewe inabadilika kuanzia sehemu ya 20, mpelelezi alikuwa anaongea kidogo ghafla anahubiri.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini ameuliza kwani ningetaka iishe vipi. Usiku wa Hogmanay Waskoti wanaangalia sana mtu wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita, ndo anabeba bahati ya nyumba mwaka mzima, wanapenda awe mwanaume mrefu mwenye nywele nyeusi, ana kipande cha makaa mkononi. Mimi nilikuwa na uhakika mama wa ghorofa ya tatu atakuja kugonga saa sita na dakika moja kwa yule binti, na biskuti zake, anasubiri akaribishwe. Na binti ameshalaza kisu cha baba yake kizingitini. Anamuuliza swali moja tu, kaka yangu yuko wapi, na yule mama hawezi kudanganya na hawezi kuvuka. Vyote vilikuwa vimeshawekwa mezani tangu sehemu ya 3.

NYONGEZA 2: Wengine watatu wameniandikia inbox kwamba na wao walilipa, mmoja alilipia na mdogo wake. Naomba kila aliyelipa aseme hapa sehemu ya mwisho aliipata tarehe ngapi, na kama ana hadithi ya asili kwa Kiingereza aniambie tu yule mlinzi yumo au hayumo.