Kuweka jeshi baharini badala ya kambi za nchi kavu: hesabu zake zikoje?

Nanga: Wakuu, hoja ni kwamba kambi ya nchi kavu haihami, adui anaijua ilipo, na ikiwa kwenye nchi ya watu mnaweza kufukuzwa wakati wowote. Basi vikosi na silaha vikae melini. Zinahitajika meli ngapi, na zinaishi vipi huko nje?

Mkuku: Ukitaka moja iwe doriani muda wote, nunua tatu: moja doria, moja matengenezo, moja mazoezi au njiani. Kwa nyambizi za makombora ya nyuklia hata tatu ni kujibana. Uingereza na Ufaransa kila moja ina nne. Uingereza imekuwa na nyambizi doriani mfululizo tangu 1969. Mafuta si tatizo kwa kuwa zinaendeshwa na mtambo wa nyuklia, hewa hutengenezwa kwa maji ya bahari. Kinachobana ni chakula. Nyingine ikichelewa chelezoni, iliyo nje huongezewa miezi.

Demani: Hiyo ni nyambizi, kazi yake kujificha. Jeshi la kutua ufukweni lina kiu ya mafuta. Hata meli ya kubeba ndege yenye mtambo wa nyuklia lazima iletewe mafuta ya ndege. Meli mbili huenda sambamba kwa maili 12 hadi 16 za baharini kwa saa, zimeachana mita 30 hadi 60 tu, mipira ya mafuta ikining'inia katikati. Maji yakibanwa kati yao huenda mbio, shinikizo linashuka, meli zinavutana. Mshika usukani akizubaa kidogo, zimegongana.

Kinachosahaulika ni makombora. Yakiisha kwenye mashimo ya wima ya kurushia ya manowari, kwa kawaida inarudi bandarini. Kombora la zaidi ya mita 6 likibembea kwenye kreni juu ya tundu jembamba, wimbi dogo tu linaharibu kazi. Marekani ilifanya jaribio la kuyajaza baharini mwaka 2024, lakini jaribio si mazoea.

Nanga: Kumbe bandari haikwepeki?

Demani: Haikwepeki. Unaisogeza tu mbali na adui.

Mkuku: Na upakiaji, mkuu. Cha kwanza kuhitajika ufukweni kipakiwe mwisho, na usirundike kitu kimoja kwenye meli moja. Vita vya Falklands, visiwa vya Atlantiki ya Kusini vilivyogombaniwa na Uingereza na Argentina, 25 Mei 1982, Atlantic Conveyor, meli ya biashara iliyokodiwa na Uingereza, ilipigwa na makombora ya Argentina. Helikopta tatu za Chinook kati ya nne ziliteketea humo. Ya nne ilipona kwa kuwa ilikuwa angani. Askari wengi wakavuka kisiwa kwa miguu, mizigo mgongoni.