Tupeane uzoefu: uliiga nini kwenye filamu za mapenzi, kikakuramba?

Mtoto wa Kondele: Jana kwenye basi kutoka Nakuru waliweka ile ya jamaa kumfuata dada kwenye mvua, wanasimama katikati ya barabara, busu. Abiria wa nyuma yangu analia. Mimi nikacheka peke yangu hadi kondakta akageuka, maana nilikumbuka Dunga, 2016. Mama watoto (wakati huo bado namtongoza) alikuwa anakimbilia kibanda cha samaki, nikamshika mkono ati tusimame. Mvua ya Kisumu mnaijua, haianzi na manyunyu. Na nywele alikuwa ametengeneza asubuhi hiyo hiyo. Busu sikupata. Nilipata "wewe ni mzima?" na bili ya saluni.

Nyar Ahero: Nywele za siku moja? Shukuru uko hai.

Mshika Taa: Njooni Kakamega msimame kwenye mvua muone kama radi inajua mapenzi. Halafu mvua haionekani vizuri kwenye kamera bila taa kutoka nyuma, ndiyo maana kila busu la mvua lina taa ya barabarani mgongoni. Nimeshika hizo taa kwenye video za harusi, najua. Wewe Dunga ulikuwa na taa?

Mtoto wa Kondele: Tochi ya simu. Iliingia maji.

Mama Lanet: Harusi yangu pasta alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, mtu akapiga chafya. Kanisa zima likageuka. Mpaka leo mume wangu huniuliza yule alikuwa nani.

Karani Mstaafu: Wanaopanga kupiga kelele mlangoni wajue kwa msajili kuna tangazo la siku 21, na pingamizi huandikwa. Kaeni chini, mwandike, mtie sahihi.

Kijana wa Kibuye: Niacheni niseme yangu. 2018. Msichana wangu amepata kazi Doha, tumenuniana wiki nzima, ananiambia anaondoka na ndege ya saa nane kwenda Nairobi. Niko kibandani nauza mitumba, nikasikia kile kitu cha filamu hapa kifuani, kwamba ukikaa umempoteza. Nikapiga kufuli (mteja alikuwa nyuma ya pazia anajaribu suruali, nilikumbuka baadaye). Nikanyakua maua ya plastiki kwa jirani, nikapanda boda: "Airport, usiguse breki." Akasimama kwanza kutia mafuta ya mia.

Kwenye filamu jamaa huruka kizuizi na hakuna anayemshika. Mimi getini niliambiwa nivue mshipi. Na suruali niliyovaa ilikuwa ya stoki, kiuno 38, mimi ni 32. Mkono mmoja suruali, mwingine maua. Afisa, mama wa makamo, ananiuliza tikiti. Nikasema nimekuja kusema neno moja tu. "La ndege gani?" Ya saa nane. Akaangalia saa. "Mwanangu, saa nane hakuna ndege."

Nikapiga simu. Akashika. Nyuma yake nasikia "njugu, maji baridi, njugu!" Alikuwa stendi, ndani ya basi. Akasema, "Nilikwambia ndege kwa sababu huko hungeweza kuingia. Stendi ungefika."

Nyar Ahero: Wuoi.

Mshika Taa: Filamu hazikudanganya kabisa. Marekani kabla ya Septemba 2001 ungemsindikiza mtu hadi mlango wa ndege bila tikiti. Ulichelewa kuzaliwa.

Shabiki wa Bollywood: Ndiyo maana Wahindi hutumia treni. Dilwale Dulhania Le Jayenge, 1995: baba anaachilia mkono, binti anakimbia, jamaa amenyoosha wake mlangoni.

Mama Lanet: Treni gani? Ya hapa ingebidi akusubiri na chakula.

Karani Mstaafu: Angalieni baba ndiye aliyeachilia. Hata It Happened One Night ya 1934, bibi harusi anatoroka lakini babake ndiye aliyemnong'oneza kwamba kuna gari linamngoja. Vijana mnaruka kizuizi mkiwa hamjamsalimu mzee.

Shabiki wa Bollywood: Jaduong', kwa heshima, nilimsalimu mzee. Akaniuliza ng'ombe wangapi. Hiyo sehemu haiko kwenye filamu yoyote.

Nyar Ahero: Subirini kwanza. MTEJA ALITOKA?

Mama Lanet: Na usituambie ndiye mkeo sasa.

Kijana wa Kibuye: Ni mzee wa miaka sitini, fundi bomba. Nilirudi saa kumi na moja nikamkuta ameketi juu ya bunda. Watu walikuwa wamebisha, akawauzia shati mbili kupitia dirishani, pesa ameweka mezani. Akasema suruali inabana.